Mashine inakata asilimia 3. Na keshi je, haikati?

SWALI: Kaka, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Benki imeniletea mashine ya kadi na kusema itakata asilimia 3 ya kila mauzo. Kwenye saruji na mabati mimi nabaki na faida ya kama shilingi 8,000 kwa kila laki, kwa hiyo naona huu ni wizi. Kuna kijana hapa mjini ananiambia niachane na benki: wateja walipie kwenye laini yake ya wakala, au nichukue mashine yake “isiyo na makato”. Jirani yangu naye anasema nikubali ya benki, ila mwenye kadi nimwongezee hiyo asilimia 3 juu ya bei. Nifuate lipi? (Mwenye duka, Busia)

JIBU: Dada yangu, swali hili nalipata karibu kila wiki, linabadilika mahali tu: leo Busia, juzi Arua, kabla yake Kisenyi. Na kila mara ndani yake kuna neno limejificha ambalo hakuna anayelitamka wazi, kwamba keshi haikatwi. Ngoja nianze na hilo, kijana wako nitamfikia.

Keshi inakatwa. Inakatwa chenji inapokosekana na mteja anaondoka na deni la 500 ambalo wote wawili mtalisahau. Inakatwa kwenye boda ya kwenda benki na kurudi, na kwenye saa nzima ya jioni unayohesabu noti badala ya kupanga mzigo. Kuna noti bandia ya 50,000 inayokula faida ya mauzo ya zaidi ya laki sita kwa mkupuo mmoja. Kuna kijana wa dukani ambaye hesabu zake huwa pungufu kidogo kila Jumamosi. Kwa kuwa hakuna anayekuletea ankara ya haya, unayaita maisha. Ya benki yana karatasi, basi ndiyo unayaita wizi. Kaa mwezi mmoja na daftari uandike kila shilingi iliyopotea namna hii. Tuseme utapata 1,000 kwa kila laki. Hiyo ndiyo bei yako ya keshi.

Sisemi asilimia 3 ni kidogo. Kwa mwenye duka la nguo anayebaki na 30,000 kwa laki ni usumbufu. Kwako wewe, 3,000 ikitoka kwenye 8,000, zaidi ya theluthi ya faida imeondoka. Una haki ya kuguna. Lakini makato ya kadi hayapimwi kwa bei ya bidhaa, wala kwa hasira. Yanapimwa kwa kuuliza: huyu mteja angelipaje kama mashine isingekuwepo?

Chukua wateja wanane wa kadi, kila mmoja amenunua mzigo wa laki moja. Watatu ni wapya: wasimamizi wa miradi, au mtu aliyevuka kutoka ng'ambo hana shilingi zetu mfukoni, ambao bila mashine wangepita wakaenda kwingine. Kila mmoja wao amekuachia 5,000, jumla 15,000. Watano ni wateja wako wa siku zote waliokuwa na keshi, wakaona kadi ni rahisi. Kila mmoja amekupunguzia 3,000, jumla 15,000. Umetoka sare. Ukiingiza ile 1,000 ya keshi uliyookoa, hasara kwa mteja wa zamani inashuka hadi 2,000, na sasa wapya wawili kati ya saba wanatosha kukufikisha kwenye sare. Wakizidi hapo, mashine inakulipa. Wakipungua, irudishe.

Wachumi wana kipimo kinachofanana na hiki, wanakiita kipimo cha mtalii. Jean Tirole, Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2014, alikiandika pamoja na mwenzake Rochet: mtalii ameshafika kaunta, keshi anayo, na hutamwona tena. Je, ungefurahi zaidi akitoa kadi? Kama jibu ni hapana, makato ni makubwa kuliko usumbufu wa keshi unaouepuka. Umoja wa Ulaya uliegemea fikra hiyo, na sheria yao ya 2015 ikaweka ukomo wa asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa za krediti. Ukomo huo ni wa lile fungu linalokwenda kwa benki ya mwenye kadi, si wa makato yote. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanadhani benki iliyoleta mashine inakula asilimia 3 nzima. Makato hugawanywa: benki iliyompa mteja kadi, kampuni yenye nembo juu ya kadi, na benki yako. Mara nyingi fungu nono ni la benki ya mteja, ambayo wewe hujawahi kukanyaga mlangoni kwake.

Na hapo kuna jambo linalokuhusu kuliko mtu wa Mbarara, nawe hukuliuliza. Kadi iliyotolewa nje ya nchi kwa kawaida hukatwa zaidi ya kadi ya nyumbani. Duka lako liko mpakani! Hiyo asilimia 3 ni ya kadi zipi? Uliza kiwango cha kadi ya nje, uandikiwe kwenye mkataba, kisha urudie hesabu ya wale wanane. Uliza pia kama kuna kima cha chini kwa kila muamala. Marekani walipoweka ukomo wa makato ya kadi za debiti mwaka 2011, senti 21 na asilimia 0.05 juu yake, miamala midogo iliyokuwa ikikatwa chini ya hapo ikapandishwa hadi kufikia ukomo wenyewe. Wauza kahawa wakaumia kwa sheria iliyoletwa kuwasaidia wauzaji. Kwako, muamala mdogo wa namna hiyo ni misumari ya 5,000 inayolipiwa kwa kadi.

Ushauri wa jirani sitaupa muda mrefu. Mikataba mingi ya kadi inakataza kumwongezea mteja. Soma wako kabla hujabandika tangazo ukutani. Ukiyaingiza makato kwenye bei ya wote, mama anayelipa keshi kwa mfuko mmoja wa saruji atakuwa anamlipia mhandisi raha ya kadi yake, na jirani ambaye hajapandisha bei atamchukua huyo mama.

Sasa kijana. Mteja anayelipa kwenye laini ya wakala hajalipa, ametoa pesa. Mwaka 2018 kodi ya pesa za simu ilianza Julai kwa asilimia 1, watu wakalalamika, ikashushwa hadi 0.5 na kubaki kwenye kutoa tu. Mzigo wa laki ukilipiwa kwa kutoa, kuna 500 ya kodi na juu yake ada ya kutoa, vyote mgongoni mwa mteja. Wewe huoni kitu, ndiyo maana unasema hakuna makato. Anayefaidi ni nani? Wakala hupata kamisheni kwa kila utoaji. Kijana anakuza hesabu yake ya kutoa kwa saruji yako. Laini ikifungwa kwa matumizi yasiyoruhusiwa, pesa zako zimo ndani na jina ni lake. Kama unataka simu, omba namba ya malipo ya biashara kwa jina la duka lako, linganisha ada zake na za kadi, na uache kabisa ile tabia ya “tuma na ya kutolea”.

Mashine “isiyo na makato” ndiyo inayoninyima usingizi, maana nimekaa na watu wazima waliolia mbele yangu. Pesa za mauzo zinaingia kwenye akaunti ya mwenye mashine, yeye anaahidi kukutumia jioni. Wiki tatu anatuma. Wiki ya nne, mkesha wa sikukuu, mauzo yakiwa juu, simu haipatikani. Hakuna mashine inayoendeshwa bure. Asiyekukata asilimia anasubiri fungu lote. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020, anayeendesha huduma ya malipo anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Mwambie kijana akuoneshe leseni, na akuoneshe kwamba pesa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina la duka lako. Akianza kukuonesha picha za wateja wake wengine kwenye simu, mrudishie mashine yake hapohapo kaunta.