Mgagani mkavu: antioksidanti zimebaki au zimemwagwa?

SWALI: Nauza mgagani mkavu hapa Dodoma. Nauchemsha robo saa, namwaga maji ili uchungu upungue, halafu naanika juani siku mbili. Mteja kaniuliza kama antioksidanti bado zimo. Nimjibu nini?

JIBU: Antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni, zimo, dada, ila pungufu, na kiasi kikubwa cha zilizopotea umekimwaga kwa mkono wako.

Vitamini C na flavonoidi za mgagani (kemikali za mmea kama kwesetini na kempferoli, zikiwa zimeungana na sukari ndani ya jani) huyeyuka majini. Flavonoidi huvumilia moto kiasi, lakini zikishahamia kwenye maji ya sufuria, ndiyo zimekwenda. Vitamini C ni dhaifu zaidi: haipatani na maji, moto wala hewa. Beta-karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiyeyuki majini, hivyo inabaki ndani ya jani. Adui zake ni mwanga na hewa. Ukiona majani yamepauka na kufanana na nyasi za kiangazi, jua limeshaila.

Uchungu nao una habari yake. Mgagani una undugu na kabichi na haradali, na kama hao una glukosinolati, kemikali zenye salfa zinazoleta uchungu. Fikicha jani bichi unuse, utaipata ile harufu kali. Kuna na tanini, zile zinazokausha ulimi kama chai kali, ambazo zenyewe ni antioksidanti. Ukiung'oa uchungu wote, unang'oa na alichokiuliza mteja.

Mimi ningefanya hivi: majani yapate mvuke au maji yanayotokota dakika mbili tatu tu, kuua vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuila karotini hata stoo. Yapoze hapo hapo, uyaanike kivulini penye upepo. Na ile mifuko ya plastiki angavu inayopangwa mezani juani, achana nayo kabisa! Uchungu mwachie mpishi autulize kwa maziwa au karanga. Mafuta ya maziwa au karanga hizo pia husaidia mwili kufyonza karotini.

Maabara tunadondoshea maji ya majani kwenye kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, na zambarau ikififia kuwa njano tunajua antioksidanti zinafanya kazi. Hiyo ni kazi ya ndani ya kichupa, tumboni mambo ni mengine. Kwa hiyo kwenye lebo usiandike "huzuia saratani", wala usiahidi vitamini C. "Imekaushwa kivulini" inatosha.