Barua kwa mwanangu: Alfajiri mwenye vidole vya waridi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Umeuliza rhododaktylos, sifa ambayo tenzi za Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, humpa Eos, mungu wa kike wa alfajiri, maana yake nini hasa, imetoka wapi, na mbona inaishia -os kama neno la kiume.

Anza kwa kulikata neno. Upande mmoja ni rhodon, ua la waridi. Upande wa pili daktylos, kidole. Wengi hukwama hapohapo na kuandika "kidole cha waridi". Sehemu ya pili ikiwa nomino, mara nyingi sifa ya namna hii humtaja mwenye kitu, si kitu chenyewe. Kwa hiyo tia "-enye" unapotafsiri: mwenye vidole vya waridi. Kigiriki hakiiandiki hiyo "-enye". Imo ndani ya muungano.

Sehemu ya pili ikitokana na kitenzi, usiandike lolote kabla hujatazama alama ya mkazo. Lithobólos ni mrusha mawe; lithóbolos ni aliyerushiwa mawe. Herufi ni zilezile, mkazo umesogea silabi moja, na mtenda amegeuka mtendwa.

Kuhusu -os, usihangaike. Sifa zilizoungwa hivi kwa kawaida huwa na umbo moja kwa kiume na kike, na -on kwa jinsi ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Ukiandika rhododaktylē ukidhani unasahihisha, umeharibu.

Asili yake ndiyo tamu zaidi. Rhodon zamani lilianza kwa sauti ya w. Vibao vya udongo vya Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, vya mnamo mwaka 1200 KK, vina neno wo-do-we kwa mafuta yaliyotiwa harufu ya waridi. Sappho, mshairi wa kike wa kisiwa cha Lesbos, naye aliandika brododaktylos; ile w kwake imekuwa b. Wanaisimu wengi hulirudisha neno hili kwenye lugha za Kiirani, ambako Kiarabu nacho kilichota ward, na kutoka kwa Waarabu sisi tukapata waridi. Basi ukitafsiri rhodon kwa "waridi", unayakutanisha maneno ya ukoo mmoja. Tafsiri gani itashinda hiyo?

Ajabu ni kwamba Homer halitaji ua lenyewe kwa jina popote. Lipo ndani ya sifa hii, na ndani ya rhodoeis, sifa ya mafuta ya waridi ambayo Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, anaupaka mwili wa Hector, shujaa wa Troy, katika kitabu cha 23 cha Iliad, utenzi wa Homer.

Vidole ni nini? Wengine husema ni miale inayotawanyika kabla jua halijachomoza, wengine ni wekundu wa mkono wenyewe. Mimi naegemea miale, lakini usiifunge maana kwenye asubuhi tu, maana Sappho anausifu mwezi kwa neno hilohilo, jua likiwa limeshatua. Na usifupishe ukaandika "alfajiri nyekundu": vidole vikiondoka, mungu ameondoka.

Mwisho, usome kwa sauti: ēmos d' ērigeneia phanē rhododaktylos Ēōs, yaani "alipotokea Alfajiri azaliwaye mapema, mwenye vidole vya waridi". Shairi letu huhesabu mizani, 8 kwa 8. Homer hupima urefu wa silabi. Mstari una hatua 6, yaani mafungu ya silabi, na hatua ya ndefu-fupi-fupi huitwa daktylos, kwa kuwa kidole kina pingili moja ndefu na mbili fupi. Sasa sikiliza: -dak-ty-los inajaza hatua ya 5 barabara, Ē-ōs ya 6. Ndiyo maana sifa hii imekaa mwishoni na mstari huu unarudi mara nyingi katika Odyssey, utenzi wake mwingine, kuanzia mstari wa kwanza wa kitabu cha 2.

Kwa zoezi, chukua krokopeplos, inayofungua kitabu cha 8 cha Iliad. Krokos ni zafarani, peplos ni vazi. Ikate, tia "-enye", kisha niandikie ulichopata.

Mama yako