Maswali ya Gereji: Vitz RS itiwe tabo au iachwe ivute yenyewe?

SWALI: Nina Toyota Vitz RS ya 2003, injini 1NZ-FE ya 1.5, gia za mkono, kilomita 160,000. Kila siku natoka Mtwapa kwenda kazini Changamwe, na mara moja moja kwa mwezi napanda Nairobi. Fundi mmoja ataka kunitilia tabo ya mtumba (feni ya kusukumia injini hewa, iendeshwayo na moshi wa ekzosi) na intakula (kipoza hewa hiyo). Mwingine asema nibadilishe manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda) na kemshafti (mhimili unaofungua vali), basi. Wote wawili naona kazi waijua. Nishike la nani?
— Msomaji, Mtwapa

JIBU: La fundi wa pili, ila kemshafti mwambie aiache.

Injini yako yatoa takriban farasi 110, na mbano wake, yaani kiasi pistoni inavyoibana hewa, ni 10.5 kwa 1. Hiyo nambari ya pili ndiyo yenye neno. Injini za miaka ile zilizotoka kiwandani na tabo zilipewa mbano mdogo makusudi. 4E-FTE, injini ya tabo ya Toyota Starlet Glanza, kwa mfano, ni 8.5. Ukiitia tabo injini ya 10.5, hewa yabanwa na tabo, kisha yabanwa tena na pistoni, na joto lapanda hadi mchanganyiko ulioko pembeni mwa silinda walipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Utausikia ukikanyaga mlimani: mlio kama kokoto ndani ya mkebe. Pistoni za 1NZ ni za kumiminwa, si za kufuliwa, na hupasuka pale kwenye kingo baina ya ringi. Huwa hakuna onyo la pili.

Sasa weka joto la kwetu. Hewa ikiingia kwenye tabo na nyuzi 40, kama ilivyo chini ya boneti wakati wa kaskazi, na tabo ikaisukuma kwa baa 0.5, hutoka ikiwa karibu na nyuzi 100. Intakula huishusha vizuri gari likikimbia. Likikwama Daraja la Nyali dakika 20, intakula nayo yawa chuma cha moto, na mkanyago wa kwanza baada ya foleni ndio wa hatari kuliko yote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Pwani hulisahau. Mombasa tuko usawa wa bahari, injini yavuta hewa nzito bila kusaidiwa. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, shinikizo la hewa hupungua kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo farasi wako 110 huko huwa 90 hivi. Tabo hufidia upungufu huo, ndiyo maana wenzetu wa bara huisifu sana. Wewe waenda huko mara moja moja. Siku zilizobaki utakuwa wabeba joto la tabo kutafuta hewa ambayo tayari unayo.

Basi kwa gari lako twashauri hivi. Kabla ya kununua chochote, pima kompreshani (presha ndani ya silinda) injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa na throto (mlango wa hewa) imefunguliwa yote. 1NZ nzima husoma karibu psi 213 (psi ni kipimo cha presha). Kikomo cha chini ni 156, na silinda isipishane na nyenzake kwa zaidi ya psi 14. Pima nafasi za vali injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Safisha throto na sensa ya hewa kwa dawa yake, usiguse waya ule mwembamba kwa kidole wala kitambaa. Kwa gari la kilomita 160,000, hatua hizi peke yake hurudisha nguvu ambayo mwenye gari alidhani haikuwepo.

Kisha manifoldi ya ekzosi ya 4-2-1 (mabomba manne huwa mawili, kisha moja) na paipu ya inchi 2. Usikubali ya inchi 2.5, injini hii haina moshi wa kuijaza, utapoteza mvuto wa chini na kubaki na kelele. Maliza kwa kupanga upya kompyuta juu ya daino (mashine ya kupimia nguvu), mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa 12.8 hadi 13 kwa 1 mguu ukiwa chini. Tarajia farasi 8 hadi 12. Anayekuahidi 30 kwa manifoldi ana mengine anayotaka kukuuzia.

Kemshafti kali tumeikataa kwa sababu huhamisha nguvu kwenda juu ya mizunguko 5,000, na njia ya Bamburi hadi Makupa haikuruhusu kufika huko mara nyingi. Kilicho na faida zaidi, siku hedi (kichwa cha injini) ikifunguliwa kwa sababu nyingine, ni kuikwangua milimita 0.5: mbano hupanda hadi karibu 11. Hapo ni lazima kompyuta ipangwe tena na utumie petroli ya okteni ya juu, inayostahimili mbano.

Na ukiwa umeshaamua tabo, liwalo na liwe? Basi lengo liwe farasi 150. TRD wenyewe, tawi la mashindano la Toyota huko Japani, walipouza Vitz RS ya tabo kwa injini hiihii waliishia hapo, na wao ndio ndugu wa mwenye kuiunda. Farasi 150 zataka petroli takriban sisi (sentimita za ujazo) 945 kwa dakika. Gawa kwa nozeli nne za kupulizia petroli, acha akiba ya asilimia 20, wapata nozeli za sisi 300 hivi. Kosa la kawaida ni kufunga tabo kwanza na kuacha nozeli za zamani “kwa sasa”. Hiyo “kwa sasa” ndiyo inayopasua pistoni.

Presha isizidi baa 0.4 mwanzoni. Plagi ziwe baridi kwa daraja moja (za kutoa joto upesi zaidi), pengo milimita 0.8. Mchanganyiko 11.5 hadi 11.8. Vali ya kupumulia, inayoachia presha ya tabo ukiondoa mguu, irudishe hewa ndani ya paipu, isiitoe nje. Gari lako hupima hewa kwa sensa, na hewa ikishapimwa kisha ikamwagwa, kompyuta hutia petroli ya hewa ambayo haipo. Klachi nayo itateleza, iweke kwenye bajeti. Kadhalika bima: waarifu kabla, si baada ya ajali.

SWALI: Nina Starlet GT ya tabo. Nikisubiri feri ya Likoni injini ikiwa yanguruma, hutoa moshi wa samawati nikianza kuondoka, kisha waisha. Fundi asema tabo imekufa.
— Msomaji, Likoni

JIBU: Pengine, lakini anza na cha bei ndogo. Angalia kiwango cha oili, kisizidi alama ya juu. Toa vali ya PCV (inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini) uitikise: isipolia, au ukipuliza hewa ikapita pande zote mbili, ibadilishe. Halafu fuata paipu inayorudisha oili kutoka tabo hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini). Iwe na kipenyo cha ndani cha milimita 16 au zaidi, iteremke moja kwa moja bila kujikunja, na iingie juu ya kiwango cha oili. Mtu akishafunga hozi ya mpira iliyobonyea, oili hukosa njia ya kurudi, hujaa kwenye tabo na kupenya sili hata zikiwa nzima.

Yakiwa sawa yote hayo, toa hozi ya hewa ushike shafti ya tabo. Mchezo mdogo wa kando ni kawaida. Mchezo wa mbele na nyuma unaousikia kwa kidole, au alama za mapanga kwenye ukuta wa nyumba yake, hapo fundi wako yuko sawa.

SWALI: Filta ya hewa ya koni kwenye Honda Fit, yaongeza nguvu?
— Msomaji, Tudor

JIBU: Ikikaa wazi chini ya boneti, yapunguza. Kila nyuzi 3 za joto huondoa karibu asilimia 1 ya uzito wa hewa, na filta hiyo hunywa hewa iliyopita kwenye rejeta. Ifungie boksi na uiletee hewa kwa paipu kutoka mbele ya gari, mdomo wake ukiwa juu ya usawa wa taa. Wengine huushusha chini kabisa kutafuta baridi. Mvua ya masika ikishajaza barabara, injini hunywa maji, na maji hayabaniki: hukunja konrodi, mkono unaoshika pistoni.