Maswali ya Wasomaji: Mafao ya Wasio na Ajira Marekani na Tarehe Zinazowekwa na Wanasiasa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma kwamba Marekani imekuwa ikiwalipa mafao watu waliopoteza kazi tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ikiwa sheria ipo, kwa nini wabunge wao hugombana tena na tena kuhusu kuongeza muda wa malipo hayo, kana kwamba jambo lenyewe ni geni?

JIBU: Sheria ipo, na ilitiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt mwezi Agosti 1935, miaka mitatu baada ya jimbo la Wisconsin kutunga ya kwake. Hata hivyo, sheria hiyo haikuunda mpango mmoja wa taifa zima. Kila jimbo hupanga lenyewe kiasi cha malipo na idadi ya wiki, na fedha hutokana na kodi wanayotozwa waajiri, isipokuwa katika majimbo matatu, yaani Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mfanyakazi naye hukatwa kiasi fulani. Kwa miongo mingi majimbo karibu yote yalilipa hadi wiki 26. Muda huo wa nusu mwaka humtosha mtu aliyeachishwa kazi wakati nafasi nyingine zipo, lakini haumtoshi aliyeachishwa wakati uchumi wa nchi nzima umedorora na kila nafasi moja inagombewa na watu kadhaa.

Kwa sababu hiyo, tangu 1958, Dwight Eisenhower akiwa rais, bunge la taifa limekuwa likiongeza wiki za dharura kila mdororo mkubwa unapotokea. Lilifanya hivyo tena 1961, 1982, 1991, 2002, 2008 na 2020, nikitaja baadhi tu. Nyongeza hizo ni sheria za muda. Kila moja hutungwa pamoja na tarehe ya kukoma kwake, na tarehe hiyo hutokana na mapatano ambayo wabunge waliweza kuyafikia siku ile, wala haielezi chochote kuhusu lini watu watapata kazi. Tarehe ikikaribia, mtu ambaye bado hana ajira hulazimika kusubiri wabunge wapatane upya, na wabunge hutambua vyema kwamba kusubiri kwake kunaweza kutumiwa kama silaha katika mabishano mengine.

SWALI: Niliwahi kusikia habari za "watu wa wiki 99". Walikuwa akina nani, na yaliwapata yapi?

JIBU: Jina hilo walipewa wale waliofikia mwisho wa malipo yote yaliyowezekana katika mdororo ulioanza mwishoni mwa 2007. Rais George W. Bush alitia saini nyongeza ya kwanza ya wiki 13 tarehe 30 Juni 2008. Kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya, hadi ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10 mwezi Oktoba 2009, nyongeza nyingine zilifuata kwa ngazi, na katika majimbo yaliyoathirika zaidi jumla ya wiki za kawaida na za ziada ikafika 99. Mtu aliyemaliza wiki hizo hakuwa na ngazi nyingine ya kupanda, hata pale bunge liliporefusha programu, kwa sababu kurefusha programu kulimaanisha tu kwamba wengine walio nyuma yake wangeweza kufikia wiki zilezile 99. Watu wengi, hata wapiga kura makini, hawakuielewa tofauti hiyo, na waliomaliza muda wao walikuwa wakipongezwa kwa sheria ambazo hazikuwapa hata senti moja.

Wale ambao bado walikuwa ndani ya programu nao hawakupata utulivu. Mwishoni mwa Februari 2010, Seneta Jim Bunning wa Kentucky alizuia peke yake nyongeza ya mwezi mmoja, akidai kwamba gharama yake, kama dola bilioni 10, ifidiwe kwanza kutoka fedha nyingine, na malipo yakaingia katika pengo la siku chache. Pengo kubwa zaidi lilikuja Juni mwaka huohuo. Kanuni za Baraza la Seneti zinadai kura 60 ili kufunga mjadala, na kura hizo hazikupatikana kwa wiki kadhaa. Seneta Robert Byrd wa West Virginia alifariki tarehe 28 Juni, na ikabidi kusubiri hadi mrithi wake, Carte Goodwin, alipoapishwa tarehe 20 Julai, ndipo kura ya 60 ikapatikana siku hiyohiyo. Wakati huo zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamekatiwa malipo. Walilipwa malimbikizo baadaye, ni kweli, lakini mwenye nyumba hasubiri malimbikizo, na mkopo wa gari unaodaiwa mwezi Juni haulipwi kwa sheria ya mwezi Julai.

Desemba 2010 wiki za ziada zilirefushwa kwa miezi 13 katika sheria ileile iliyorefusha kwa miaka miwili punguzo za kodi za enzi za Bush, zikiwamo za matajiri. Hali ya asiye na kazi ikawa bei ya kununulia punguzo la kodi la mtu ambaye hajawahi kukosa kazi. Sitawalaumu waliokubali mapatano hayo, kwa kuwa kuyakataa kungewaumiza mamilioni, ila naona ni haki kuyaeleza yalivyokuwa.

Programu ilikoma tarehe 28 Desemba 2013, na siku hiyo watu wapatao milioni 1.3 walipoteza malipo kwa mpigo. Ukosefu wa ajira kwa jumla ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 7, na hiyo ndiyo takwimu iliyorudiwa na waliotaka programu ikome. Lakini idadi ya waliokosa kazi kwa zaidi ya nusu mwaka ilikuwa bado karibu milioni 4, na ukiilinganisha na nguvukazi nzima, ilikuwa karibu mara mbili ya kiwango kilichokuwapo programu za dharura za miaka ya nyuma zilipokoma. Mwezi Aprili 2014 Baraza la Seneti lilipitisha, kwa kura 59 dhidi ya 38, nyongeza ya miezi mitano iliyoandaliwa na Jack Reed wa chama cha Democratic na Dean Heller wa chama cha Republican, tena safari hii gharama yake ikiwa imefidiwa katika bajeti kama wapinzani walivyokuwa wakidai kwa miaka minne. Spika John Boehner hakuuleta muswada huo mbele ya Baraza la Wawakilishi upigiwe kura. Alisema kwamba ulipaswa kuambatana na hatua za kuongeza ajira. Hoja ya gharama ilipojibiwa, ikaibuka hoja nyingine, na mimi naamini kutokana na mfuatano huo kwamba gharama haikuwa kiini cha upinzani wakati wote.

SWALI: Mimi nimeajiri watu wachache na kila mara nahangaika kupata wafanyakazi. Kwa heshima zote, kumlipa mtu karibu miaka miwili bila kufanya kazi si kumfundisha uvivu? Mbona hoja hii hamuipi uzito?

JIBU: Ndugu yangu, hoja yako inastahili uzito, kwa kuwa hata wachumi wanaounga mkono mafao wanakubali kwamba malipo ya muda mrefu humfanya mtu achague kazi kwa makini zaidi. Swali ni kiasi gani. Mchumi Jesse Rothstein alipochunguza nyongeza za mdororo ule, alikadiria kwamba mwanzoni mwa 2011 ziliongeza kiwango cha ukosefu wa ajira kwa pointi za asilimia kati ya 0.1 na 0.5 tu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na watu kuendelea kutafuta kazi badala ya kukata tamaa. Anayekata tamaa huondolewa katika hesabu, na kwa hiyo takwimu hupendeza ilhali hakuna aliyeajiriwa. Wapo wachumi wengine, wakiwamo Marcus Hagedorn na wenzake, waliodai kwamba kukomeshwa kwa mafao kuliongeza nafasi za kazi kwa kiasi kikubwa mwaka 2014, na watafiti waliofuata, kwa njia tofauti ya kupima, hawakuona athari kubwa kama hiyo. Mjadala huo ni wa kweli.

Ila kuna jambo ambalo mwajiri kama wewe ndiye anayeweza kulieleza vizuri kuliko sisi. Mchumi Rand Ghayad alituma kwa waajiri wa Marekani maombi ya kazi ya kubuni yanayolingana kwa sifa, yakitofautiana katika uzoefu na katika muda ambao mwombaji amekaa bila kazi, na akaona kwamba mwombaji aliyekosa kazi kwa zaidi ya miezi sita aliitwa kwa usaili mara chache sana, hata pale alipokuwa na uzoefu zaidi katika fani husika. Mtu huyo hazuiwi na mafao. Wakati ule malipo ya wastani yalikuwa kama dola 300 kwa wiki, chini ya nusu ya mshahara wa kawaida, na sharti la kuyapokea lilikuwa kuthibitisha kwamba anaendelea kutafuta kazi. Ukimkatia fedha hizo huongezi hata mara moja idadi ya simu atakazopigiwa na waajiri.

Jimbo la North Carolina lilijaribu njia ya ukali hata kabla programu ya taifa haijakoma. Tarehe 1 Julai 2013 ilishusha kiwango cha juu cha malipo kutoka dola 535 hadi 350 kwa wiki na kupunguza idadi ya wiki, na kwa kuwa sheria ya taifa ilikataza kupunguza malipo, ikapoteza fedha zote za dharura kutoka Washington. Ukosefu wa ajira ulishuka jimboni humo baadaye, na watu bado wanabishana ni wangapi walipata kazi na ni wangapi waliacha kutafuta.

SWALI: Je, hakuna namna ya kuongeza na kupunguza wiki hizo bila kusubiri wanasiasa?

JIBU: Ipo tangu 1970, na udhaifu wake ndio unaonisikitisha kuliko yote niliyoeleza. Sheria ya mwaka huo iliweka wiki 13 za ziada zinazoanza zenyewe jimbo linapovuka kiwango fulani cha ukosefu wa ajira, na baadaye ikawezekana kufika 20. Tatizo ni kwamba haitoshi kiwango kiwe cha juu. Kwa kawaida ni lazima kiwe kimepanda kikilinganishwa na miaka miwili iliyotangulia. Jimbo likikaa katika asilimia 9 kwa miaka mitatu mfululizo, sheria huliona kama limepona, ingawa hao ndio watu waliokosa kazi kwa muda mrefu zaidi. Desemba 2010 bunge liliruhusu ulinganisho urudi nyuma miaka mitatu, na hata hivyo kufikia 2012 jimbo moja baada ya jingine lilikuwa likitoka katika mpango huo. Aidha, katika hali ya kawaida jimbo hulipa nusu ya gharama, kwa hiyo mengi huchagua vigezo vigumu kufikiwa.

Kuondoa sharti la ulinganisho, na serikali ya taifa kubeba gharama yote kwa kudumu, kungehitaji kurasa chache za sheria. Wakati wa janga la korona nafasi ilikuwapo, na haikutumika: programu za dharura zilikatika tarehe 26 Desemba 2020 kwa sababu Rais Donald Trump alichelewa siku moja kutia saini, na zilipokoma tena tarehe 6 Septemba 2021, zaidi ya watu milioni 7 walipoteza malipo kwa tarehe iliyoandikwa miezi sita kabla, huku takriban nusu ya majimbo yakiwa yamekwisha kuwaondoa wakazi wake katika baadhi ya malipo hayo tangu Juni na Julai.