Boti ya tanga ya kuvuta kwa gari: lala chini ya trela kwanza

Mkuu, umeuliza kama mtu anayekaa mbali na bahari anaweza kuwa na boti ya tanga ya kulala ndani, aiegeshe uani na kuivuta kwa gari hadi ziwani. Anaweza. Mimi kwetu Tanga, sasa niko Minnesota, na huu ni msimu wa 6 nina Catalina 22 ya zamani. Naishushia Lake Pepin, pale mto Mississippi unapotanuka kati ya Minnesota na Wisconsin.

Boti ina mita 6 na nusu na uzito wa karibu tani moja. Usinunue gari kwa hesabu hiyo: bado kuna trela, mashine, mafuta, maji na vyombo.

Cha kukagua kuliko vyote ni mkuku, yaani uti mzito wa chini ya boti unaoizuia isilazwe na upepo. Wa kwangu ni pande la chuma la kilo 250 hivi, linaning'inia kwenye pini moja na kupandishwa kwa waya na winchi. Ukiupandisha, boti inapita penye maji ya sentimita 60. Ukiushusha, unafika mita 1 na nusu. Kwa kuwa mkuku unapanda, boti inakaa kwenye trela, na ndipo penye hatari, maana waya ikikatika chuma chote kinaanguka na kinaweza kupasua boti. Aliyeniuzia alisema waya ni mpya. Nililala chini ya trela na tochi, nikapitisha kitambaa juu yake, kikanasa: nyuzi tatu zilikuwa zimekatika, zimesimama kama miiba ya samaki, pale pale inaposhika mkuku. Nikaibadilisha kabla boti haijagusa maji. Hata waya isiyo na kasoro huvuma boti ikishika mwendo. Usishtuke, ni maji yanaitetemesha.

Halafu mlingoti. Mwaka wa kwanza kuusimamisha kulinila saa mbili, na Jumamosi nyingi nilibaki nyumbani kwa kuuwazia tu. Nikatengeneza boriti fupi ya kuipa kamba nguvu ya kuvuta, sasa ni dakika 40 nikiwa peke yangu. Kabla hujauinua tazama juu, nakusihi. Mlingoti wa alumini ukigusa nyaya za umeme umekwisha wewe na aliyeshika boti.

Upepo wa Pepin si kusi wala kaskazi yetu. Ziwa lina urefu wa kilomita 35 hivi, limebanwa na vilima, upepo unafuata bonde. Ukienda tanga limejaa, kurudi ni kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, mchana kutwa. Na dhoruba zake ni za ghafla. Tarehe 13 Julai 1890 meli ya Sea Wing ilipinduka humo, wakafa watu 98. Mimi nikiona wingu jeusi magharibi natua tanga kubwa papo hapo, na watoto hawavui jaketi za kuokolea tangu gatini.

Ukiipata boti ya kuitazama, piga picha pini na waya, uziweke hapa kabla hujatoa hela.