Ukitaka Kutunza Bustani ya Haki, Anza na Anayeifagia

Tangu tuanze kutunza bustani yetu ndogo ya haki za binadamu, ya kuwakumbuka waliouawa hapa Kisumu, napokea maswali kutoka Siaya, Kakamega, hata Nakuru, kwa watu wanaotaka kuanzisha ya kwao. Karibu wote huuliza kuhusu mnara: uwe na umbo gani, urefu gani, nani aalikwe kuuzindua. Mimi huwauliza nani atafagia, na atalipwa nini.

Langoni kwetu tumeandika sentensi inayofungua Kifungu cha 1 cha Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ya 1948: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Ukishaandika maneno hayo langoni, yanakudai kila asubuhi. Anayefyeka nyasi akiambiwa ajitolee bila malipo kwa kuwa hii ni kazi ya jamii, mlinzi akinyeshewa bila koti, mama wa njugu akifukuzwa kwa rungu, basi mgeni akisoma ukuta wako atakuwa anasoma uongo. Mengine yote nitakayokushauri hapa yanatokana na hilo.

Kwa asiyeijua historia yetu: tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mpaka leo watu wanaiita Russia, ingawa sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani wakati ule. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo huo, na mji ulikuwa na uchungu. Rais na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wazee wa hapa hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, kilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo Tume ya Waki, iliyoundwa kuzichunguza, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na Kisumu ilizika vijana wengi waliopigwa risasi. Kisha ghasia za uchaguzi wa 2017. Mji wenye historia kama hii hauwezi kuweka kumbukumbu kwa kupanda maua tu.

Majina ya waliouawa, yale yanayochongwa ukutani, ndiyo kazi yenyewe, na ndipo ningekushauri utumie muda kuliko popote pengine. Usichukue orodha ya gazeti wala ya ripoti ukampelekea fundi. Kila jina lirudi nyumbani kwanza. Nenda, keti, kunywa chai, uliza. Familia moja ya Manyatta ilituambia kijana wao aliandikwa kwenye ripoti kwa jina la kitambulisho ambalo hata majirani hawakulijua. Walitaka lile alilopewa na nyanya yake. Tuliandika yote mawili. Familia nyingine ilituomba tusimwandike mtu wao kabisa, kwa sababu bado wanaogopa. Tuliwasikiliza, na jina hilo halimo. Mtu akinyimwa haki akiwa hai, asije akanyimwa tena na kamati yenu kwa kutundikwa ukutani bila ridhaa ya watu wake.

Kabla ya kuchonga, mpe mtu wa familia karatasi yenye jina kwa herufi kubwa, vile vile litakavyokuwa, alisome na kuweka sahihi. Kagua hasa ile alama ya juu kwenye Achieng' na Ong'ayo. Mafundi hudhani ni doa la kalamu, wakaiacha.

Tulipofungua ukuta, mama mmoja mkongwe aliletwa na mjukuu wake kutoka Nyakach. Hakusoma shule. Mjukuu alimshika mkono akampitisha kidole chake kwenye herufi moja moja huku akizitamka.

"Hii ya mviringo ni ipi?"

"Ni O, dani. Ndiyo inaanza jina la babu."

Alirudia kuizunguka ile O kwa kidole, akaenda ya pili, akarudi tena. Walikaa hapo mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyewaharakisha. Ndiyo maana nasisitiza herufi zichongwe kwa kina ambacho kidole kinakisikia, na safu ya juu kabisa isipite kifua cha mtu mzima. Mafundi na wachoraji wa ramani hupenda majina yawe juu, yaonekane barabarani. Kataa. Anayekuja kwa ajili ya jina anataka kuligusa, na mtu wa kiti cha magurudumu pia ana mtu wake pale.

Hatukuandika idadi ya waliokufa popote. Tuliandika mwaka, kisha majina kwa mpangilio wa alfabeti, bila cheo, bila chama, bila kabila. Chini ya 1969 tumeacha safu tupu kwa makusudi, kwa sababu bado wapo wasiotajwa. Na ukiwa unakumbuka 2007 na 2008, kumbuka yote. Wapo majirani zetu wa makabila mengine waliofukuzwa Kisumu, maduka yao yakaporwa na kuchomwa. Lilikuwa jambo gumu kulisema kwenye kikao, watu walipandisha sauti, wengine wakatoka. Mimi nilishikilia na bado nashikilia kwamba bustani inayotaja machungu ya upande mmoja tu ni bustani ya upande huo, isijiite ya haki za binadamu. Maelezo hayo sasa yapo kwenye ubao wa kuingilia, na wapo watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kuyasoma.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Usitumie bamba la shaba wala chuma chochote kinachobanduka. Biashara ya vyuma chakavu italimeza, na unakumbuka serikali ilivyolazimika kuisimamisha nchi nzima mapema 2022. Mawe laini ya Tabaka kule Kisii ni mazuri kwa vinyago vya ndani, lakini nje mtoto mwenye msumari anaweza kuyachora. Graniti ni ghali na inadumu. Osha kwa maji na brashi laini. Ile asidi ya vyoo inakula saruji kwenye viungo. Panda mwarobaini kwa kivuli, mbali na ukuta ili mizizi isiupasue, na upande mwanzo wa mvua za Machi. Weka tenki la kukinga maji ya mvua, kwa sababu mfereji utakauka siku unayouhitaji.

Sasa watu. Mtu wa kwanza ni yule anayefagia. Mwandikie mkataba, mlipe kwa tarehe inayojulikana, mlipie SHA ya matibabu na NSSF ya uzeeni. Mpe gambuti na glavu. Kamati ikisema hakuna pesa za hilo, basi hakuna pesa za bustani, na afadhali mpunguze ukubwa wake. Wetu tunamwita kwenye kila kikao, naye huongea wa kwanza, kwa sababu ndiye anayejua nani alilia pale Jumanne na bomba lipi linavuja.

Wachuuzi watakuja. Tulikaa nao chini ya mti, tukakubaliana wawe upande wa lango, wasipike karibu na ukuta, kila mmoja azoe taka zake. Wale kina mama wa njugu na mahindi ya kuchoma wamekuwa macho yetu. Mtu akianza kukwaruza jiwe, wao ndio hupaza sauti kabla ya mlinzi. Watoto wa mtaani watalala kwenye viti. Kuna mchoro tuliletewa wenye viti vilivyogawanywa kwa vyuma ili mtu asiweze kujinyoosha. Tuliurudisha. Mtoto asiye na mahali pa kulala ndiye aliyeandikwa kwenye ile sentensi ya langoni, na kumfukuza ili wageni wapige picha nzuri ni kuifuta. Tunachofanya ni kuwa na namba za watu wa ustawi wa watoto, chai ya asubuhi kwa anayekubali kuongea, na mlinzi aliyefunzwa kuamsha mtu kwa sauti ya kawaida.

Choo kiwe wazi, kiwe na maji, kisitozwe. Ibara ya 43 ya Katiba inataja usafi kama haki, na mgeni hataamini mengine uliyoandika akikuta kufuli mlangoni.

Kisha kuna wanaotaka kukusanyika. Hapa kamati nyingi huingiwa na woga na kuweka bango la "Mikutano Imekatazwa". Naomba sana msifanye hivyo. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka waandaaji wampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, wala si kuomba ruhusa, na inafaa vijana wenu wajue tofauti hiyo kwa moyo. Sisi tunao mfano wa taarifa hiyo ofisini, yeyote anaweza kuuchukua akaunakili. Masharti yetu kwa kila kundi ni yale yale, liwe la wanafunzi, la kanisa au la mwanasiasa: hakuna bango juu ya ukuta, hakuna matusi kwa kabila la mtu, na mkiondoka mahali pawe safi. Mwaka wa uchaguzi hatuwaruhusu wagombea kugawa pesa ndani. Mmoja alikasirika akaondoka na spika zake. Alirudi baadaye, akakaa kwenye kiti kama mtu mwingine.

Uhuru Park ya Nairobi inatufundisha jambo hapa. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alisimama, karibu peke yake, dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ile, akatukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakagoma kula pale pale, kona ambayo sasa kila mtu anaiita Freedom Corner. Kama bustani ingeuzwa 1989, akina mama wale wangekaa wapi 1992?

Kwa hiyo ardhi. Nenda ofisi ya ardhi mwenyewe ukathibitishe kiwanja kimeandikwaje, omba nakala ya ramani, tafuta mawe ya mpaka na uyapake rangi nyeupe yaonekane. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti, kwa Ibara ya 62, inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Ahadi ya mdomo ya kiongozi, hata awe mwema kiasi gani, huisha na muhula wake. Weka nakala za karatasi hizo kwa watu watatu wanaoishi mitaa tofauti.

Pesa za ujenzi hupatikana, kwa sababu kila mtu hupenda kukata utepe. Pesa za matengenezo ndizo ngumu. Usingoje Juni kwenda kulalamika kwa mwakilishi wa wadi. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo kuna vikao vya umma. Nendeni wengi, mkiwa na karatasi moja inayotaja kitu kimoja: mshahara wa mtunzaji, au maji, au taa. Ombi la jumla la "kuboresha bustani" halina mahali pa kuandikwa. Kuhusu wafadhili binafsi, tunapokea saruji, hatupokei jina. Ukuta ule ni wa waliokufa. Risiti tunabandika ubaoni kila mwezi, na kila anayepita anaweza kuuliza.

Siku ya kuharibiwa nayo itafika. Huko Boise, Marekani, kuna bustani ya kumbukumbu ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyefia kwenye kambi ya Wanazi, ambayo imeweka hadharani Taarifa ile ya 1948 yote. Desemba 2020 waliamka wakakuta stika za swastika, alama ya Wanazi, zimebandikwa hadi kwenye sanamu ya yule msichana. Wakazi wakaleta maua. Kwetu waliandika matusi kwa rangi nyekundu. Piga picha kabla ya kugusa, nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, daftari la matukio, kisha safisha siku hiyo hiyo, mchana, na uwaite majirani washike brashi. Familia isije ikasikia kwenye WhatsApp. Ipigie simu kwanza familia ya yule ambaye jina lake limechafuliwa.

Sisi wenyewe tunajiandaa kwa Oktoba. Wanafunzi wa sekondari mbili za hapa karibu wameanza kuwarekodi wazee waliokuwa Russia siku ile, kwa simu zao, kwa Kijaluo na Kiswahili, na kila mahojiano yanasainiwa na aliyehojiwa. Majina mawili mapya yamethibitishwa na familia zao na yako kwa fundi. Ukiwa na mtu wako wa 1969 ambaye hayumo ukutani, njoo Jumamosi yoyote asubuhi pamoja na mzee anayemkumbuka. Uliza mlinzi, atakuonyesha tunapokaa.