Mkuu, hiyo hela ya kodi usiitoe! Pima tope, achana na maji

Mleta uzi, umepata robo eka ya kukodi kando ya kijito nyuma ya magereji hapa Mbeya, maji umepima yametoka safi, na tope la mtoni unataka kulitandaza badala ya samadi. Nimekusoma nikajiona mwenyewe, ila mimi nilikuwa na nywele bado.

Karatasi yangu ya maabara niliiweka kwenye plastiki kama cheti cha ndoa. Risasi (ile metali ya kwenye betri, si ya bunduki) kwenye maji: haikuonekana. Nikalipa vijana, wakapandisha matoroli arobaini ya tope jeusi linalonuka oili chafu, nami nasema hiyo ndiyo rutuba yenyewe! Tukalima, likachanganyika na udongo wote. Hapo ndipo nilipokwisha, maana mchicha unang'oleka, tope lililolimiwa halichambuliki tena.

Aliyenipoteza ni jamaa mwenye shati la kuchomekea na kalamu mbili mfukoni, eti mshauri wa kilimo. Alichota chupa moja kiangazi, maji yametulia, akatamka "safi, lima", akala laki moja na nusu yangu. Na maji yalikuwa safi kweli! Risasi, zinki na shaba haziogelei zikingoja chupa ya mtu. Zinaganda kwenye chembe laini za udongo na kwenye uozo, zinazama nazo. Maji ya leo kesho yameshakwenda zake, tope linabaki na kila betri iliyowahi kumwagwa huko juu. Petroli yenye risasi iliachwa nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini risasi haiozi, mkuu.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wake mama watoto, anasoma mambo ya ardhi. Nikamletea sampuli nimechota kwa jembe la kutu, katikati ya mkondo, mchanga mtupu. Alicheka mpaka chai ikampalia. Kumbe unachota kwa kijiko cha plastiki, kwenye kona maji yanapopunguza mwendo, na unachokitaka ni ile chembe laini, chini ya milimita 0.063. Mchanga hausemi kitu.

Tulipopima hivyo, risasi ilipita miligramu 91.3 kwa kilo. Kanada wanasema juu ya hapo viumbe wa chini ya mto mara nyingi hudhurika. Sawa, mimi si konokono, lakini wanangu walikuwa wanacheza kwenye matuta yale, na mchicha wa chini hauachi kurukiwa na tope mvua ikipiga. Usiniambie utauchemsha, risasi haifi kwa moto.

Kwa hiyo kijiko cha tope kwanza, mwenye shamba baadaye. Akikukatalia kuchota, hapo umeshapata jibu bure.

Mimi bado nina viroba kumi na viwili vya tope hilo nyuma ya nyumba, mama watoto ananiuliza kila Jumamosi vinakwenda wapi. Anayejua pa kuvipeleka anitumie ujumbe.